Mti Ukishaanguka, Hukumu Haiusimamishi



Wako watu katika nchi hii wanaodhani kwamba sheria ya mazingira ni shughuli ya wataalamu wa ndege na vipepeo, na kwamba sisi tuliotaka vyama vingi, uhuru wa kusema na uchaguzi wa haki tunapotea njia tunapoanza kuzungumza habari za miti. Nawapinga waziwazi. Mojawapo ya mapambano ya kwanza dhidi ya utawala wa chama kimoja lilipiganwa juu ya bustani, na aliyeshindwa mahakamani siku ile alishindwa kwa sababu ambayo kila mpenda haki anapaswa kuikumbuka.

Mwaka 1989 chama kilichotawala peke yake kilikusudia kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya Rais. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua kwa wakubwa, akapuuzwa, akatukanwa hata ndani ya Bunge. Akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mnamo Desemba mwaka huohuo kesi yake ikatupwa nje. Mahakama haikusema kwamba jumba lile lilikuwa jema, wala haikusema kwamba bustani haikuwa mali ya umma. Ilisema kwamba mama huyu hana haki ya kusimama mbele yake, maana hakuonyesha kuwa yeye binafsi ameumizwa. Jambo la umma, akaambiwa, ni la Mwanasheria Mkuu kulifikisha mahakamani.

Na Mwanasheria Mkuu alikuwa wakili wa nani? Alikuwa wakili wa Serikali ya chama kilekile kilichotaka kujenga. Ni sawa na kumwambia mbuzi apeleke malalamiko yake dhidi ya chui kwa wakili wa chui.

Jumba halikujengwa. Kelele zilivuka mipaka ya nchi, na mradi ukafa polepole. Lakini tusijidanganye. Bustani ile iliokolewa na kelele, sheria haikuiokoa. Nchi inayotegemea kelele peke yake itaokoa bustani moja na kupoteza misitu kumi isiyokuwa na mtu wa kuipigia kelele.

MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Mlango uliofungwa mwaka 1989 ulifunguliwa kwa jasho na damu. Mnamo Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa makampuni kwa siri. Walipigwa na vijana waliokodiwa, na yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Katika mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyoanza kazi Januari 2000. Sheria hiyo iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikaagiza miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kabla ya kuanza, na ikasema kwamba mtu yeyote aweza kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaiamuru Serikali ilinde viumbe hai vya namna zote na ifikishe miti kwenye asilimia 10 ya ardhi ya nchi au zaidi. Kifungu cha 70 kinamaliza kabisa hoja iliyomshinda Profesa Maathai, kwani kinasema kwamba anayelalamika hahitaji kuonyesha kuwa amepata hasara au jeraha. Hukumu ya 1989 ikazikwa rasmi.

Basi mlango uko wazi. Kwa nini tungali tunalia? Kwa sababu kufunguliwa mlango si kupewa haki. Mwananchi anaingia mahakamani, anasikilizwa kwa heshima, anaandikiwa hukumu ndefu yenye maneno mazuri. Naye akirudi nyumbani anakuta mti umeshakatwa, mto umeshakauka, na mtoto ameshanyonya sumu. Sheria yetu ya leo ni hodari wa kuomboleza. Haijajifunza kuzuia. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulishughulikie, na nitalieleza kwa sehemu nne.

KWANZA: RUFAA ISIMAMISHE SHOKA

NEMA ikitoa leseni kwa mradi unaodhuru mazingira, mwananchi anaweza kukata rufaa mbele ya baraza maalumu la mazingira lililoundwa na sheria ya 1999. Sheria ilikuwa na busara moja kubwa. Rufaa ilipowasilishwa tu, kila kitu kilibaki jinsi kilivyo mpaka shauri limalizike. Tingatinga lilizimwa na shoka likawekwa chini, pande zote zikasubiri neno la sheria.

Busara hiyo iliondolewa. Kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2018, yakiwa yamefungwa pamoja na mabadiliko madogomadogo ya sheria nyingine nyingi, kusimama kwa kazi si jambo la moja kwa moja tena. Mkata rufaa sasa lazima aombe amri, alithibitishie baraza kwamba anaistahili, na asubiri. Katika siku hizo za kusubiri, mwenye mradi hasubiri. Anafanya kazi usiku na mchana ili siku ya kusikilizwa aseme, "Mheshimiwa, jengo limefika orofa ya tano; amri hii mnayoombwa imepitwa na wakati."

Najua jibu la watetezi wa marekebisho hayo. Husema kwamba rufaa zilitumiwa vibaya, kwamba mfanyabiashara mmoja alikata rufaa kumkomoa mwenzake, na kwamba maendeleo yalikwama. Sikatai kwamba mambo hayo yalitokea. Lakini dawa ya mwizi mmoja sokoni si kufunga soko. Sheria na iseme kwamba rufaa itasimamisha kazi kwa muda maalumu, na kwamba baraza lazima lisikilize shauri ndani ya muda huo. Anayekata rufaa kwa hila atozwe gharama. Jengo lililochelewa miezi miwili litajengwa. Mvule uliosimama tangu enzi za mababu ukikatwa asubuhi, hakuna jaji awezaye kuusimamisha jioni.

PILI: MPAKA WA MSITU USIWE SIRI YA OFISI

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nataka tuitazame kwa jicho la mwanasheria. Mfalme Ahabu hakulichukua shamba lile usiku kwa upanga. Lilichukuliwa kwa utaratibu. Kulikuwa na barua zenye muhuri wa mfalme, kikao cha wazee, mashahidi wawili na hukumu. Kila karatasi ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni haki peke yake.

Ndivyo misitu yetu ilivyochukuliwa. Sheria ya zamani ya misitu ilimruhusu Waziri kuuondoa msitu katika hifadhi kwa tangazo la siku 28 katika Gazeti la Serikali, gazeti ambalo mkulima wa Molo au Elburgon hajapata kuliona. Kwa kalamu hiyo, mwaka 2001, takriban hekta 67,000 za misitu zilimegwa kwa mkupuo mmoja, sehemu kubwa zikiwa Mau Mashariki na Mau Kusini-Magharibi. Mau si miti tu. Humo hutoka maji ya mto Mara, mto Sondu, mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru, na mto Molo unaokwenda Baringo. Waziri mmoja alitia sahihi, na nchi nzima ikaanza kulipa deni la maji. Tume ya Ndung'u ilipochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilikuta kwamba misitu ilikuwa miongoni mwa mali zilizogeuzwa zawadi za kisiasa.

Sheria ya 2005, na baadaye ile ya 2016, zilimnyang'anya Waziri kalamu hiyo. Sasa anayetaka mpaka wa msitu ubadilishwe hupeleka ombi Bungeni, na ombi hilo halisongi mbele bila ushauri wa Shirika la Misitu na bila kuonyesha kwamba viumbe adimu na vyanzo vya maji havitahatarishwa. Huo ni ushindi. Lakini angalieni jinsi wasivyochoka. Mswada uliochapishwa mwaka 2021 ulikusudia kuling'oa sharti hilo, ili ombi la kumega msitu lifike mbele ya wabunge bila kupitia kwanza kwa wataalamu. Wananchi walipaza sauti, na mswada haukupita. Je, tutapaza sauti kila mwaka? Anayelinda lazima awe macho kila usiku; mwizi anahitaji usiku mmoja tu.

Tena kuna njia ya pili isiyopita Bungeni kabisa. Si lazima msitu umegwe ili uharibiwe. Waweza kubaki msitu kwenye ramani, huku ndani yake kukitolewa leseni ya barabara, ya hoteli, ya nyaya za umeme au ya kukata mbao. Mnamo Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza huko Molo, katika ibada ya Jumapili, kwamba marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka 2018 imeondolewa. Serikali ilieleza kwamba ruhusa hiyo ilihusu miti iliyokomaa katika mashamba ya miti ya kupandwa. Huenda hoja hiyo ina uzito. Wenye viwanda vya mbao nao wana watoto wa kulisha. Lakini neno linalogusa misitu ya taifa zima halikupaswa kutoka mimbarani kabla wananchi hawajaulizwa. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Ndugu zangu wa makanisani, nanyi nawaambia kwa upendo: madhabahu isigeuzwe Gazeti la Serikali.

Sheria mpya na iseme hivi. Kila leseni ya matumizi ndani ya msitu wa umma ichapishwe kabla ya kutolewa, kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili. Ibandikwe kwa chifu, sokoni na makanisani. Yaandikwe humo jina la mwombaji, ukubwa wa eneo na muda wa leseni. Wananchi wapewe siku za kutosha kujibu. Leseni isiyopitia hatua hizo iwe batili tangu siku ya kuzaliwa kwake, wala isihitaji mtu kwenda mahakamani kuibatilisha.

Vilevile, sheria itofautishe mti na msitu. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Serikali ikisimama juu ya takwimu ya kwanza itasema kwamba imeshatimiza amri ya Katiba. Imeshaahidi pia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kupanda ni kwema, na Profesa Maathai alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi iliyoanza na miche. Lakini safu za mikalitusi hazilipi deni la msitu wa asili, wenye nyani, nyuki, dawa na chemchemi zake. Anayechoma kanisa kuu na kujenga vibanda mia vya mabati asituhesabie mapaa.

TATU: ALIYESHINDA KESI ALIPWE

Sasa twendeni Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa makazi ya maskini. Moshi uliingia vyumbani na maji machafu yakapita vichochoroni. Watoto waliugua, mimba zikatoka, wafanyakazi wakafa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Aliongoza wanakijiji, akakamatwa, akashambuliwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Wanakijiji walikwenda mahakamani mwaka 2016. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaiona NEMA na idara nyingine za Serikali kuwa na hatia pamoja na wenye kiwanda, na ikaamuru udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe. Tangu moshi wa kwanza hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2007 alikuwa amekaribia kupata kitambulisho.

Yatazameni mambo mawili katika kesi hiyo. La kwanza ni kwamba mlinzi alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Chombo tulichokiunda mwaka 1999 ili kitulinde kilipatikana na lawama kwa kushindwa kutulinda. La pili ni kwamba hukumu dhidi ya Serikali si fedha mkononi. Mkopeshaji akikushinda wewe mahakamani, dalali atakuja kuchukua ng'ombe na viti vyako. Lakini sheria ya mashauri ya Serikali, iliyotungwa mwaka 1956 wakati mkoloni alipokuwa akitutawala kwa hali ya hatari, ilikataza mali ya Serikali isikamatwe kulipia hukumu. Mshindi hupewa cheti, kisha huomba amri nyingine ya kumlazimisha afisa alipe, kisha huomba afisa huyo aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Mkoloni aliondoka mwaka 1963, kinga yake ikabaki na kurithiwa.

Kinga hiyo imekwisha kupingwa mahakamani kuwa haipatani na Katiba ya 2010. Lakini haifai kumwachia mgonjwa wa Owino Uhuru kazi ya kuibomoa, kesi baada ya kesi. Bunge lenyewe liiondoe, angalau kwa hukumu za Kifungu cha 42. Fidia ya mazingira itengewe fedha katika bajeti inayofuata hukumu. Na afisa aliyetoa leseni akijua au akipuuza madhara yake, abebe sehemu ya malipo kutoka mfukoni mwake. Wataniambia kwamba hazina itakauka. Nami nawajibu kwamba njia rahisi ya kutolipa fidia ya sumu ni kutoruhusu sumu.

NNE: MSITU USITETEWE KWA KUWAFUKUZA WENYEWE

Nisingekuwa mkweli kama ningewalaumu wanyakuzi nikanyamaza juu ya dhuluma nyingine inayotendwa kwa jina la uhifadhi. Mau ileile iliyomegwa kwa kalamu mwaka 2001 ndiyo ambayo Waogiek walipewa ilani ya siku 30 kuhama mwaka 2009, eti ili msitu upone. Walikwenda hadi Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mnamo Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa wao. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Mnamo Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena.

Wenye mizinga ya nyuki walifukuzwa. Wenye misumeno walipewa hati. Huo ndio uhifadhi tulioutaka? Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 63, inasema kwamba ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na waokota matunda ni ardhi ya jamii. Na tukitaka kuona kwamba watu wanaweza kutunza msitu bila bunduki, twendeni pwani. Kaya za Wamijikenda zilihifadhiwa kwa miiko ya wazee vizazi vingi kabla ya kuwapo NEMA, na mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia. Mpaka wa kaya haukuandikwa katika Gazeti la Serikali. Kila mtoto aliujua. Sheria ya misitu na ile ya wanyamapori zifunge ndoa na Kifungu hicho cha 63: jamii iwe mwenye mali na mlinzi, wala pasiwe na uhamisho wowote bila idhini ya jamii na bila amri ya mahakama.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Hayo manne hayahitaji katiba mpya. Yanahitaji mswada mmoja ulioandikwa kwa nia njema, na wabunge wanaowaogopa wapiga kura wao kuliko wanavyowaogopa wakubwa wao. Hawatazaliwa hivyo. Tutawafanya hivyo.

Basi kila kikundi cha haki na amani katika parokia na kila tawi letu wachague watu wawili wenye kazi moja tu: kusoma Gazeti la Serikali kila Ijumaa linapotoka, na kutangaza Jumapili kila tangazo linalogusa msitu, mto au kinamasi cha eneo lao. Mswada unapopelekwa kwa wananchi kutoa maoni, tusiende kusikiliza tu. Twende na maoni yaliyoandikwa, yenye majina na sahihi, na nakala yenye muhuri wa kupokewa ibaki mikononi mwetu. Mahakama haisomi mioyo, husoma karatasi. Na mgombea atakapokuja kuomba kura, asiulizwe ataleta miche mingapi. Aulizwe kama ataunga mkono rufaa isimamishe shoka, leseni zichapishwe, hukumu zilipwe, na Waogiek warudishiwe kwao. Majibu yake yaandikwe mbele ya mashahidi.

Mwaka 1989 mahakama ilimwuliza mama mmoja: wewe ni nani hata useme kwa niaba ya bustani hii? Swali hilo halina nguvu tena katika sheria ya Kenya. Sasa ni zamu yetu kumwuliza kila afisa anayetia sahihi leseni ya kuangamiza msitu: na wewe ni nani, na nani alikupa ruhusa? Tumwulize mapema, kabla mti haujaanguka.